Giga Sitini na Nne

Jumanne, 4 Machi

Mvua za kwanza zimenyesha leo, na leo hiihii nimejitwisha kazi ambayo sijawahi kuifanya. Naanza kuiandika tangu mwanzo, maana itakuwa kompyuta yangu ya kwanza kuiunda kwa mikono yangu.

Baba mkwe ni seremala. Tangu mgongo ulipomkatalia kuinama kwenye randa, nusu ya karakana amempangisha fundi mwenzake, na yeye amegeukia uchoraji. Makabati, meza, vitanda, anavichora kwenye kompyuta. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa laptopu yangu kuukuu. Sasa amepata nafasi ya kushindania kazi kubwa: rafu, meza na viti vya maktaba mpya ya shule ya ufundi. Wanataka michoro ya kompyuta, ile ya kuzungushwa na kutazamwa pande zote. Laptopu yangu ikifunguliwa mchoro mmoja wa namna hiyo inahema kama imepandishwa mlima.

Jioni watoto wote tumekutana kwake tukakubaliana kumchangia mashine. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akasema tununue iliyokwisha kuundwa, yenye dhamana. Nikasema za namna hiyo wanabana kwenye ram, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, bora tununue vipande tuunde ya kwetu.

"Nani ataiunda?" akauliza wifi.

"Mimi."

"Umeshawahi?"

Mume wangu akanidakia: "Dada, huyu ni mwalimu wa kompyuta. Unamuuliza mpishi kama ameshawahi kuwasha jiko?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu. Miaka yote hii nafundisha sehemu za kompyuta kwa chati ya ukutani. Mashine za chuo huja zimeshafungwa, zikiharibika huitwa fundi, na fundi akizifungua mimi huwa darasani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma hadi macho yanawasha. Prosesa nimechagua. Ubao mkuu, ule ambao kila kitu huchomekwa juu yake, nimechagua. Kasha nimechagua lenye kioo ubavuni, Baba apate kuona ndani. Kilichobaki ni ram, na hiyo ndiyo inayonizungusha. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba ram ni meza ya kazi: ikiwa finyu, kila ukitaka kuweka kitu kipya unaondoa cha zamani. Kwa michoro ya Baba, giga thelathini na mbili zinatosha na kubaki. Vipande viwili vya kumi na sita.

Kuna sentensi inajirudia kila ninaposoma: vipande vyote vitoke kwenye boksi moja, kwa sababu vimejaribiwa pamoja kiwandani. Nimeielewa vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Tumekula mchana kwa Baba. Wifi ameniuliza mbele ya wote: "Hiyo ya kwako itakuwa na ram ngapi? Maana niliyoiona dukani ina thelathini na mbili."

Nilikuwa na thelathini na mbili kichwani. Mdomo ukasema, "Sitini na nne."

Baba akapiga paja. "Sitini na nne! Nitachora nyumba nzima na watu ndani yake."

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Wanafunzi nusu hawakuja.

Jumamosi, 15 Machi

Duka la vipuri ni la jamaa wanayemwita Chapuchapu, kwa vile hana subira na mteja anayeulizauliza. Nilikwenda na wifi, yeye ndiye aliyekuwa ameshika michango. Kila kitu tulipata. Tulipofika kwenye ram, Chapuchapu alikuwa na boksi moja la zile nilizotaka, zenye kasi, zimevaa koti jekundu la chuma. Vipande viwili. Boksi la pili lingekuja wiki ijayo.

"Chukua hizi za kijivu ujazie," akasema. "Kampuni nyingine lakini kazi ileile. Ram ni ram, dada. Zote zinaingia."

Nilijua. Naandika hapa kwamba nilijua. Ningeweza kununua zile nyekundu mbili peke yake na kusema zimetosha. Ningeweza kusema tusubiri wiki moja. Lakini kesho ndugu wote wanakuja kutazama nikiunda, na sitini na nne nilishaitangaza.

Wifi akaviokota vile vipande vya kijivu, akavigeuza. "Mbona hivi viwili havifanani na vile?"

"Ni rangi tu, wifi," nikamjibu, kwa ile sauti ninayowajibu wanafunzi wavivu.

Akanyamaza. Nilifurahi aliponyamaza.

Jumapili, 16 Machi

Siku kubwa! Nilitandika shuka jeupe juu ya meza ya Baba, nikapanga vipande kama daktari wa upasuaji. Ndugu walijaa chumbani hadi mlangoni. Kila nilipochomeka kitu nilikitaja jina na kazi yake, na Baba alikaa mbele kabisa, miwani puani, akirudia majina. Vile vipande vya ram vinahitaji kusukumwa kwa nguvu mpaka visikike "ta". Vyekundu viwili, vya kijivu viwili, matundu yote manne yakajaa.

Nikawasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Kumbe waya wa skrini nilikuwa nimeuchomeka tundu lisilo lake. Nikauhamisha huku nikisema, "Hili huwa tunalijaribu makusudi," na picha ikatokea. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani, nikapandisha kasi ya ram hadi ile iliyoandikwa kwenye boksi la nyekundu. Mashine ikahesabu: sitini na nne.

Baba alisimama akapiga makofi, licha ya mgongo wake. Akatoka hadi kibarazani kuwaambia majirani kwamba mkwe wake ameunda kompyuta kutoka kwenye maboksi. Wifi akanishika bega. "Nimekubali, wifi. Nilikuwa na wasiwasi, nisamehe."

Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba hata kofia haingii.

Alhamisi, 20 Machi

Baba amepiga simu. Mashine imejizima na kujiwasha yenyewe. Nimemwambia ni umeme wa mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Imeganda mara mbili leo. Mara ya pili ilitoa skrini ya bluu yenye maandishi meupe, na kazi ya tangu asubuhi ikapotea. Baba hakulalamika. Aliuliza tu, "Nimekosea wapi, mwanangu?"

"Ni unyevu, Baba. Msimu huu vyombo vya umeme vinasumbua kila mahali."

"Basi nitaikinga."

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kumwona. Mashine ameipandisha juu ya kibao alichokichonga mwenyewe, chenye miguu mirefu, kona zote zimepigwa msasa. Dirisha la upande ule amelifunga na kuziba kwa magunia, chumba kimekuwa joto kama tanuri. Kila akimaliza kazi anaifuta kwa kitambaa kikavu.

Akaiwasha anionyeshe mchoro wa meza ya kusomea. Ni kazi nzuri, hadi maungio ya ndani yanaonekana. Akauzungusha mara mbili, ukaganda pale pale mbele yangu. Kipanya kinakwenda na kurudi mkononi mwake, hakuna kinachosogea.

Nikatazama kupitia kioo cha ubavuni. Vyekundu viwili, vya kijivu viwili. Nikakumbuka ile sentensi ya boksi moja. Upande wa pili wa ukuta fundi mwenzake alikuwa anapasua mbao, na mdomo wangu ukajisemea wenyewe: "Ni vumbi hili, Baba. Vumbi la mbao linaingia ndani."

Baba akatoka. Nilimsikia akimwambia mwenzake, kwa upole, kama anaweza kupasua mbao zake siku ambazo yeye hachori. Yule fundi akauliza, "Sasa mimi nile wapi, mzee?" Baba akamjibu, "Nivumilie msimu huu tu. Hiki chombo watoto wangu wamenichangia."

Msumeno ukanyamaza. Nimerudi nyumbani na ule ukimya masikioni.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Simu yake sikuipokea.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna unyevu chumbani, hakuna vumbi, na mashine inaanguka kila siku. Wifi ameuliza mezani kama si afadhali tumwite fundi mwingine aiangalie. Wote wakanigeukia. Nilijua fundi yeyote akifungua kile kioo atauliza swali la kwanza kabisa kuhusu zile rangi mbili.

Nikasema, "Mashine ni nzima. Tatizo Baba anafungua michoro mingi kwa wakati mmoja. Anailemea."

Giga sitini na nne! Mwanafunzi wangu wa muhula wa kwanza angecheka. Pale mezani hakucheka mtu. Mume wangu akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anangoja kuthibitishiwa. "Baba, umesikia? Moja moja. Usiwe na haraka."

Baba akatazama mikono yake. "Nimesikia."

Jumanne, 8 Aprili

Sasa anapiga simu kabla ya kuiwasha. "Mwanangu, nimefunga kila kitu, nataka kufungua mchoro wa rafu peke yake. Naruhusiwa?"

Mtu aliyewajengea nusu ya mtaa huu milango yao ananiomba ruhusa ya kubonyeza kitufe. Nimesema, "Unaruhusiwa, Baba."

Ijumaa, 11 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwasilisha michoro. Nimejifungia chumbani, mume wangu anadhani nasahihisha mitihani.

Baba aliniomba nimsindikize, "ili wakiuliza mambo ya kompyuta unisaidie." Alivaa suti yake ya harusi za watu. Michoro alikuwa ameiweka kwenye flashi, na flashi ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Kwapani alibeba pia karatasi zake za penseli. Nilimwambia hazitahitajika, akasema amezibeba tu.

Msimamizi wa ujenzi ni mama mmoja mrefu wanayemwita Injinia, buti zake zina matope hadi magotini. Ofisi yake ni chumba cha mabati ndani ya eneo la ujenzi. Walikuwepo wenzake watatu na washindani wengine wawili. Akachomeka flashi, akafungua mchoro wa kwanza.

Rafu zilikuwa zinaelea. Nguzo za upande mmoja hazikuwepo kabisa, na vibao vimening'inia hewani. Akafungua wa pili: viti, kimoja hakina miguu, kingine mgongo umeingia ndani ya kikalio. Wa tatu ulikataa kufunguka. Nilielewa mara moja kilichotokea. Kila alipohifadhi kazi, ile ram iliyokuwa ikikosea ilikuwa inaandika makosa yake ndani ya michoro. Kazi ya wiki zote zile ililiwa kidogo kidogo bila yeye kujua.

Mmoja wa washindani akasema, "Hivyo ni vya kukalia malaika," na chumba kikaangua kicheko. Injinia hakucheka, lakini alitazama saa.

Baba akatandaza karatasi zake za penseli mezani, haraka haraka, moja ikaanguka sakafuni kwenye matope. Niliiokota mimi. Injinia akazitazama kwa heshima. "Mzee, hizi ni nzuri. Lakini tuliomba za kompyuta, na hawa wenzako wameleta za kompyuta. Imekuwaje?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Mwalimu wa kompyuta, nimeshika karatasi yenye matope. Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema.

Baba akasema, "Kosa ni langu, mama. Mimi ni mtu wa mikono. Hizi mashine nilidhani nimeziweza."

Injinia akanigeukia. "Na wewe ni nani wake?"

"Mkwe wake," nikasema.

Njia nzima ya kurudi alikuwa ananituliza mimi. "Usihuzunike, mwanangu. Ulifanya lako lote." Niliomba ardhi ipasuke, haikupasuka. Ilikuwa inanyesha tu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimesingizia homa, sikwenda kwa Baba.

Alhamisi, 17 Aprili

Kazi ya maktaba wamepewa wengine.

Jumamosi, 19 Aprili

Baba alipelekwa hospitali kuangaliwa mgongo, mume wangu na wifi wakamsindikiza. Nikasema nitabaki niisafishe mashine yake. Nilikuwa na flashi yenye programu ya kupima ram. Ni kazi ya kubonyeza na kungoja. Ningeweza kuifanya tangu Machi.

Nikapima zote nne pamoja: mistari myekundu ikamwagika skrini nzima. Nikatoa za kijivu, nikapima nyekundu peke yake: safi. Nikapima za kijivu peke yake: safi nazo. Zikirudi pamoja kwa ile kasi niliyoipandisha mimi, balaa. Hakuna kipande kibovu. Kila pea ni nzima, ila haziwezi kukaa nyumba moja, na mimi ndiye niliyeziozesha.

Nilikaa nikitazama ile skrini nyekundu kwenye chumba chenye dirisha lililozibwa kwa magunia. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka sasa nashindwa kujieleza. Nilirudisha vipande vyote vinne mahali pake, nikafunga kioo, nikakifuta. Wifi angeona matundu mawili matupu, angeuliza.

Jumapili, 20 Aprili

Baba alingoja tumalize kula.

"Ile mashine," akasema, "ichukueni. Apewe mtu anayeijua. Kichwa changu hakishiki tena, nimekubali. Mwanangu, chukua wewe."

Wifi akainuka akaenda kusimama dirishani, ametupa mgongo. Mume wangu akasema Baba amefikiri vizuri, mtu mzima lazima apumzike, wala si aibu. Baba akawa anaitikia kila neno, "Ndiyo. Ndiyo."

Tuliibeba hadi kwenye gari mimi na mume wangu. Baba alishika mwavuli juu ya mashine, yeye mwenyewe akiloa. Nikasema, "Ahsante, Baba."

Nimesema ahsante.

Jumanne, 22 Aprili

Nimetoa vile vipande vya kijivu. Mashine inaruka kama swala. Nimefungua michoro yote ya Baba kwa pamoja, ile iliyolika na iliyosalimika, haikutikisika.

Mume wangu kapita nyuma yangu, kanibusu utosini. "Umeona? Mikononi mwako haina shida hata kidogo. Maskini Baba."

Kilemba cha ukoka hiki kinanibana hadi kichwa kinauma.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Nilimweleza yote, tangu dukani. Alisikiliza huku akifunga kamba za viatu, akafungua, akafunga tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Kazi imeshakwenda. Ukisema leo, Baba atapata nini? Dada atakula nyama yako mpaka uzeeni. Na mimi niliyekutetea mbele yao?"

Nilidhani atanikasirikia kwa ajili ya baba yake. Alinikasirikia kwa ajili yake mwenyewe. Nimemtazama mtu huyu nikaona tunafanana kuliko nilivyojua, na haikunifariji.

Jumapili, 27 Aprili

Nilikwenda peke yangu, mume wangu hakutaka kunifuata. Baba alikuwa sebuleni akikaza mguu wa kiti, wifi anakunja nguo. Hakuna aliyeniambia nikae kwa sababu sikuwapa nafasi. Nilianza nikiwa bado nimesimama.

"Baba, mashine haikusumbuliwa na mvua."

"Najua, mwanangu. Tumeshayamaliza hayo."

"Wala vumbi. Wala wewe. Ni ram. Nilichanganya aina mbili nikijua haifai. Kila ilipoanguka ilianguka kwa sababu yangu, na michoro iliharibika kwa sababu yangu."

Bisibisi ikasimama mkononi mwake. Nilingoja wifi apige kelele. Hakupiga.

"Ulijua lini?" akauliza Baba.

"Nilihisi tangu siku ya vumbi. Nikahakikisha Jumamosi ile mliyokwenda hospitali."

"Jumamosi." Akafikiri. "Jumapili yake nikakupa mashine."

"Ndiyo, Baba."

"Ukapokea."

"Nikapokea."

Akaweka bisibisi chini taratibu. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ningetamani ipande.

"Uliposema mvua, nilikuamini. Uliposema vumbi, nilikuamini, nikamnyima mwenzangu riziki yake. Uliposema ni mimi, nilikuamini kuliko yote. Unajua kwa nini? Kwa sababu hilo ndilo nililokuwa naliogopa tangu mgongo ulipoanza. Nimelala nikijua kichwa changu kimekwisha. Nimemwambia hata fundi mwenzangu achukue karakana yote."

Machozi yalinijia nikayazuia, niliona ni wizi mwingine nikilia mimi.

Wifi akasema, kwa sauti ndogo, "Nilikuuliza dukani." Akatoka na nguo zake mikononi. Nikamsikia kule nyuma akilia. Mwaka hadi mwaka nimemhesabu kuwa mtu wa kuniviziavizia. Kumbe mwanamke yule alikuwa anamwogopea baba yake tu, na mimi nikaona kila swali lake ni mtego.

"Yule mama wa ujenzi," Baba akasema bila kunitazama, "anajua kuwa si mimi?"

"Hajui."

"Basi kazi hiyo bado iko mbele yako."

Jumatatu, 28 Aprili

Niliomba ruhusa chuoni nikaenda. Mvua ilikuwa inapiga yale mabati hadi ilibidi nipaze sauti, na mafundi waliojibanza mlangoni wakasikia kila neno. Injinia alidhani nimekuja kuomba kazi irudishwe.

"Ilishatolewa," akasema.

"Najua. Nimekuja kusema yule mzee hakukosea. Kompyuta niliiunda mimi, vibaya, nikamsingizia yeye. Siku ile nilikuwa nimesimama hapa nikanyamaza."

"Umetoka huko na mvua hii kuniambia hilo tu?"

"Ndiyo."

Akanikagua kuanzia viatu hadi kichwani. "Mimi niliwaambia wenzangu yule mzee asisumbuliwe tena na kazi za namna hii. Nilidhani namhurumia."

"Naomba uwaambie tofauti."

"Nitawaambia." Kisha akaongeza, si kwa ukali, "Wewe ni mwalimu, si ndiyo? Nilimsikia yule mzee akimtaja mkwe wake mwalimu kwa fahari kule nje, kabla hamjaingia."

Nilitoka katikati ya wale mafundi. Walinipisha njia pana kuliko nilivyohitaji.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepeleka mashine kwa Baba. Nyekundu mbili tu, giga thelathini na mbili. Mume wangu aliibeba hadi mlangoni akarudi garini, macho chini. Nilipoinama kuchomeka nyaya, Baba akasema, "Acha. Nitaunganisha mwenyewe." Nikaziacha. Magunia ameshayatoa dirishani. Ukutani upande wa pili msumeno ulikuwa unapiga kazi.

Jumanne, 6 Mei

Jua siku nzima. Hakupiga simu.

Jumamosi, 10 Mei

Wifi ndiye aliyenipigia. "Baba anataka kukuuliza kitu. Njoo." Hakusema karibu, hakusema asante.

Nilimkuta anachora kabati la jikoni la mama wa jirani. Michoro mingine minne imefunguliwa pembeni, mashine imetulia. Wifi yuko kwenye mkeka na hesabu za duka lake. Nilisimama nyuma ya Baba.

Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Hii alama imetokea nilipotaka kukata kona. Inasema nini?"

Ilikuwa alama ndogo ya rangi ya chungwa, sijawahi kuiona. Jibu likanijia mdomoni papo hapo, jibu zuri, lenye maneno marefu mawili. Nikalisikia kabla halijatoka.

"Sijui, Baba."

Wifi akainua kichwa kutoka kwenye hesabu zake. Baba akageuka, akanitazama juu ya miwani, muda mrefu kuliko alivyonitazama tangu siku ile. Kisha akainuka nusu, akajisogeza hadi mwisho wa benchi, akapiga ubao kwa kiganja mahali palipobaki wazi.

"Kaa basi," akasema. "Tutafute."